Kabla ya Simu Kulikuwa na Bahasha

Ukitoka Vwawa kwenda Tunduma, Ihanda unaweza kuipita ukiwa bado unamdai konda chenji yako. Mashamba ya kahawa, migomba, maduka machache, na malori. Siku ambazo foleni ya mpaka wa Zambia inarudi nyuma, malori hupaki pembeni saa nyingi na barabara hugeuka sebule. Mama lishe wanapita na chupa za chai, vijana wanauza vocha na kuchaji simu, utingo wanalala chini ya tela.

Mmoja wao nilimkuta amekalia tairi la akiba, spika ya simu sikioni, anarudia Kiingereza neno kwa neno kama mtoto wa chekechea. Kijana wa Lubumbashi. Kiswahili chake cha Katanga, Kifaransa cha shule. Kiingereza anakitafuta kwa sababu katika safari yake, kuanzia Nakonde, upande wa Zambia, hadi aingie tena kwao, kila karatasi imeandikwa kwa lugha hiyo. Masomo yanakuja WhatsApp kwa sauti. Anayapakua kila anapofanikiwa kuomba intaneti kwenye simu ya dereva. Nilimuuliza mwalimu wake yuko wapi. Alicheka. Hajawahi kumwona.

Mwalimu asiyeonekana si mgeni katika nchi hii ya Tanzania. Miaka ya 1970 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa ikiendesha masomo kwa njia ya posta: somo linakuja ndani ya bahasha, unajibu kwa mkono, unarudisha, kisha unakaa wiki kadhaa kusubiri wino mwekundu wa mtu usiyemjua. Redio nayo ilifika pale ambapo bahasha ilichelewa. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vilivyokaa kuizunguka redio moja. Wanasikiliza, mmoja anasoma kijitabu kwa sauti, wanajadili, halafu wanakwenda kuchimba choo. Walifundishwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000 kwa ajili ya kazi hiyo. Namba hiyo ndiyo inayonivutia kuliko ya wasikilizaji. Waliobuni mpango ule walijua kwamba redio peke yake haifundishi mtu, lazima awepo jirani wa kuuliza, "Hapo umeelewa?"

Barabara hii ya Ihanda nayo ilikuwa na wanafunzi wake. Baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru wa Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, magari ya mafuta ya Zambia yalipita huku mchana na usiku. Upande wa pili walikuja vijana wa kusini, kutoka Namibia, Afrika Kusini na Rhodesia yenyewe, wakielekea Dar es Salaam. Wengi walitaka bunduki. Wengine walitaka darasa. Pale Kurasini, jijini humo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, FRELIMO, kilikuwa na shule yake, Taasisi ya Msumbiji, iliyoanza mwaka 1963.

Lakini wakimbizi walipokuwa wengi, madarasa hayakutosha, ndipo bahasha ikarudi. Mwaka 1981 kilianzishwa Lusaka kitengo cha masomo ya masafa kwa Wanamibia walio uhamishoni. Vijitabu vya Kiingereza, hesabu, kilimo na afya vilipelekwa kwenye makambi ya chama chao cha ukombozi, SWAPO: Nyango ndani ya Zambia na Kwanza Sul ndani ya Angola, na vikundi vikavisoma pamoja na msimamizi. Miaka mitatu baadaye mpango wa namna hiyo ukaanza Sudan kwa wakimbizi waliotoka Ethiopia na Eritrea. Mipango yote miwili ilisaidiwa na chuo kimoja cha Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1971, ambacho kazi yake ilikuwa kusambaza maarifa haya ya kufundisha kwa mbali. Wanamibia wale walikuwa na bahati moja kubwa: waliandaliwa kwa ajili ya nchi waliyojua wataikuta. Mwaka 1990, Namibia ilipopata uhuru, waliikuta kweli.

Wengine hawarudi. Hapo ndipo hadithi inapokuwa ngumu.

Warundi waliokimbia mwaka 1972 waliwekwa Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo, sehemu ambazo leo ziko Katavi. Walipewa ardhi, wakalima, na watoto wao wakasoma mtaala wa Tanzania kwa Kiswahili. Hakukuwa na kompyuta hata moja. Vyeti vya uraia vilipoanza kugawiwa mwaka 2014, kwa watu zaidi ya 162,000, wengi walikuwa wamekwisha kuwa Watanzania kwa ulimi na kwa daftari. Karatasi ilikuja kuthibitisha tu.

Nyarugusu, iliyofunguliwa Kigoma mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, ilipewa njia nyingine. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 iliwabana wakimbizi wakae kambini, na shule zikafuata mitaala ya makwao: Mkongo anasoma ya Kongo, Mrundi anasoma ya Burundi, Kifaransa kikiwa lugha ya darasani. Hoja ilikuwa kwamba watarudi. Mtoto aliyezaliwa pale mwaka 1996 sasa ni mtu mzima mwenye familia, na nje ya geti watu wanazungumza Kiswahili na wanafanya mitihani ya sekondari kwa Kiingereza.

Ndani ya hali hiyo likaja sanduku. Mfuko wa Vodafone na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walianza mpango wa masomo ya kidijitali Dadaab, kambi ya wakimbizi ya Kenya, mwaka 2013, nao ukafika Nyarugusu pia. Sanduku lenyewe lina kilo 52: kompyuta moja ya mwalimu, tableti 25, projekta, spika na modemu. Unalichaji mara moja, linafundisha siku nzima bila umeme. Fundi aliyelibuni anastahili sifa, maana amefikiria hata vumbi la njiani. Ila sanduku hubeba unachokiweka ndani. Ukiweka mtaala wa nchi ambayo mtoto hajawahi kuiona, litaubeba kwa uaminifu uleule.

Walioliona tatizo hilo mapema walianzia kwenye cheti. Mwaka 2010 Wajesuiti walianza kufundisha kwa mtandao Kakuma, Kenya, na Dzaleka, kambi ya Malawi iliyokuwa gereza enzi za Rais Banda na ambako leo Kiswahili ni lugha ya sokoni. Stashahada ilitolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha Denver. Dadaab, vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi viliungana na viwili vya Kanada, mwanafunzi akisoma nusu mtandaoni na nusu ana kwa ana. Mhitimu anatoka na cheti ambacho Nairobi hawawezi kukikataa. Kazi ni suala jingine. Wengi waliendelea kufundisha kambini kwa posho.

Kwetu, Chuo Kikuu Huria kimekuwapo kwa sheria tangu 1992, na hakikudai mtu ahame huku wilayani Mbozi ndipo asome. Anachodaiwa mgeni ni cheti chake cha zamani, nacho sharti kipite Baraza la Mitihani kulinganishwa. Mwambie hayo mtu aliyetoka Kivu, kule Kongo, usiku nyumba ikiwaka nyuma yake.

Kabla ya cheti kuna laini. Tangu Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole inafungwa, na usajili unataka kitambulisho kinachotambuliwa. Kwa mhamiaji, mlango wa darasa la mtandaoni ni meza ya wakala wa simu chini ya mwavuli.

Kijana wangu wa Lubumbashi alifika kwenye meza hiyo jioni ileile. Somo lake la nne lilikuwa limegoma kupakuliwa katikati, na dereva mwenye intaneti alikuwa ametangulia Tunduma kwa bodaboda kufuata mihuri. Wakala, binti mpole, alimuomba pasipoti. Pasipoti ilikuwa kwenye faili la dereva. Akasimama pale kidogo, akahesabu hela zake, akanunua andazi. Kisha honi zikaanza kulia mbele, foleni ikasogea.