Titanic ya zamani na somo la ushahidi

Wadau, Titanic si ile ya DiCaprio tu. Kuna A Night to Remember, sinema ya Uingereza ya mwaka 1958, isiyo na rangi, ikaja kutoka kwenye DVD mwaka 1998. Humo meli inazama ikiwa nzima. Waigizaji hawakujitungia jamani: uchunguzi wa Uingereza wa 1912 ndivyo ulivyosema, ukamwamini ofisa Lightoller. Abiria waliosema imekatika katikati hawakuaminiwa. Mwaka 1985 mabaki yakapatikana chini ya Atlantiki: vipande viwili! Sasa sisi walimu watarajiwa, tukifundisha historia tuulize kwanza: nani alisikilizwa, na nani aliambiwa anyamaze? Haya, tupo pamoja.