Mashine Yangu Ilimpa Sifuri Binti wa Majani Chai

Wasee, kama ulifanya KCPE, hii stori inakuhusu. Unakumbuka ile penseli ya HB? Msimamizi anazunguka darasani akisema shedi vizuri, usitoke nje ya kisanduku, usikunje karatasi. Maswali 50, majibu A mpaka D, halafu karatasi inaenda Nairobi kusomwa na mashine. Kuanzia 1985 hadi mtihani wa mwisho 2023, watoto wa Kenya tulikaa na hofu moja: unaweza kuwa unajua jibu na bado penseli ikuangushe. Insha tu ndiyo iliyosomwa na macho ya mtu.

Nilidhani hayo tumeyaacha darasa la nane. Kumbe mwaka jana ningeijenga mashine kama hiyo mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Nafundisha Python kila Jumamosi pale Keroka, ule mji uliokaa juu ya mpaka, upande huu Kisii, upande ule Nyamira. Nilianza na vijana 6, wakawa 40. Kila wiki kila mmoja ananitumia kodi yake (naongelea ya kompyuta, si ile ya KRA) kwa WhatsApp, na mimi naisoma usiku mpaka macho yanawasha. Wiki ya tatu nikasema hapana. Nikajenga tovuti ndogo: mwanafunzi anapakia faili, faili linaingia foleni, linaendeshwa ndani ya kontena ya Docker isiyo na intaneti, linapewa sekunde 2 na kumbukumbu kidogo, kisha jibu lake linalinganishwa na jibu nililoandika mimi. Yakifanana, alama. Yasipofanana, sifuri. Yote kwenye lapi moja kuukuu, na stima ikipotea basi darasa zima linangoja.

Mbona kontena? Kwa sababu kodi ya mwanafunzi ni kodi ya mgeni. Inaweza kuzunguka bila kuisha, au kufungua faili la majibu na kuyanakili. Nilijiona mjanja sana kuliwazia hilo. Halafu nikasoma historia, nikanyamaza.

Mwaka 1960 Jack Hollingsworth, wa Rensselaer Polytechnic Institute kule jimbo la New York, alichapisha makala kuhusu mashine ya kusahihisha kazi za programu. Wanafunzi wake walitoboa kadi, kadi zikalishwa kompyuta ya IBM 650 pamoja na programu ya kusahihisha. Kundi la kwanza la programu 20 lilimalizika kwa dakika 5. Na mzee alishajua kwamba programu ya mwanafunzi inaweza kuiharibu ile inayomsahihisha, maana zote mbili zilikaa ndani ya kumbukumbu moja. Yaani tatizo nililojisifia kulitatua kwa Docker, chombo kilichotoka 2013, lilikuwa na zaidi ya miaka 50 tayari.

Lakini kilichonigusa zaidi ni sababu. Hollingsworth alihesabu muda wa nani kwanza? Wa kompyuta. Alieleza kwamba kwa mashine hiyo kazi zilitumia sehemu moja tu kati ya nane ya muda ambao kompyuta ingetumika bila hiyo. Wakati huo kompyuta ilikuwa ghali, na watu ndio waliopanga foleni kuingoja. Mwaka 1965 George Forsythe na Niklaus Wirth wa Stanford nao wakaeleza programu zao: zinampa mwanafunzi data ya majaribio, zinapima muda, zinaandika alama kwenye daftari la darasa. Kwa jumla, ile app yangu ya Keroka. Niliongeza rangi ya kijani na nyekundu tu.

Sasa kompyuta imekuwa rahisi na mwalimu ndiye haba. Angalia hapa kwetu: Chuo Kikuu cha Kisii kilianza 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi, kikapata hati ya chuo kikuu kamili 2013. Vijana wanaotaka kujifunza programu wamejaa mjini, na wengine wamepitia kozi za mtandaoni kama ile ya ALX ambako kazi yako ilikuwa inapitiwa na mashine kwanza. Siilaumu. Bila mashine, mimi mwenyewe ningekuwa nimefunga darasa.

Basi nirudi kwa kosa langu. Zoezi la wiki ya tano lilikuwa la majani chai, kwa sababu nusu ya darasa wamekulia shambani. Ingiza kilo, zidisha kwa shilingi 20, andika jumla. Data yangu ya majaribio: kilo 12, kilo 30, kilo 7. Jibu la kwanza nililoweka: "Jumla: 240".

Binti mmoja kutoka upande wa Nyamira akapata 0 kwa 10. Akapakia tena, 0. Mara nne, na tovuti yangu haikumwambia kitu kingine chochote. Jumamosi iliyofuata hakuja. Rafiki yake akaniambia amesema kompyuta si ya watu kama yeye.

Jioni hiyo ndiyo nilifungua faili lake. Kodi ilikuwa safi. Ilitoa "Jumla: 240.0". Alikuwa ametumia float, namba ya desimali, wakati wenzake wote walitumia int. Nikampigia simu, nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mwalimu, kwetu mizani husoma nusu kilo."

Nikakaa kimya. Nikachukua kodi za wale 31 waliopata 10 kwa 10, nikaziingizia kilo 12.5. Zote zikaanguka. Katika waliotumia mashine yangu wiki ile, programu ambayo ingefaa kituo cha kununulia majani ilikuwa moja, na ndiyo niliyoipa sifuri.

Na kituoni penyewe, mkulima husimama kando ya mizani, anaiona namba kwa macho yake, anaondoka na risiti. Akibisha, anabishia papo hapo. Mimi nilijenga mizani iliyofungiwa chumbani na karani hayupo. Hata KCPE ilituachia insha.

Nimebadilisha. Tovuti sasa inamwonyesha mwanafunzi data iliyotumika, jibu lililotarajiwa na jibu lake. 240 na 240.0 zinahesabiwa sawa. Kuna kitufe cha "Nabisha", na ukikibonyeza nasoma kodi yako mwenyewe, hata kama ni saa sita usiku. Wiki ya kwanza kilibonyezwa mara 11. Katika hizo 4 mimi ndiye niliyekosea.

Binti alirudi baada ya wiki mbili. Siku hizi yeye ndiye anayeandika data ya majaribio, na ana roho mbaya kuniliko: anaweka kilo hasi, anaweka herufi, anaacha mahali patupu. Darasa linamlalamikia. Mimi nina kazi za wiki nne za mwanzo, zile zilizopewa alama kabla ya kitufe, ambazo bado sijazirudia. Wikendi hii naanza.