Kuvu Iliyookoa Kina Mama
Msomaji, huko Ulaya kuna nafaka iitwayo rai, jamaa ya ngano. Mwaka wa mvua nyingi masuke yake huota kuvu nyeusi, ergoti, yenye umbo la kipi cha jogoo. Zamani, waliokula mkate wenye kuvu hiyo walisikia viungo vikiwaka moto, kisha vikawa vyeusi na kukatika.

Hata hivyo wakunga waliijua faida yake. Mwaka 1582 Adam Lonicer, tabibu wa Kijerumani, aliandika kwamba huamsha uchungu wa kuzaa. Na mwaka 1808 John Stearns wa New York akaisifu kwa kuharakisha uzazi. Sifa hiyo ilileta msiba, kwani kipimo chake hakikuwa na hakika, na watoto wengi wakazaliwa wafu. David Hosack akashauri itumiwe kuzuia damu tu, mtoto akiisha kuzaliwa. Kwangu mimi, shauri hilo lapita ugunduzi wenyewe.

Mwaka 1935 Harold Dudley na Chassar Moir wa London walipata ndani yake dawa safi, ergometrini. Na katika miaka ya 1940 wakulima wa bonde la Emmental, Uswisi, waliyachoma masuke kwa sindano zenye chembe za kuvu, wakaivuna kwa makusudi ile sumu waliyoikimbia babu zao.