Imla ya maneno hamsini

Januari 1, 1901, makoloni sita ya Waingereza yaliungana kuwa taifa moja, Australia. Sherehe zilifanyika Sydney, na Edmund Barton akawa Waziri Mkuu wa kwanza. Bunge likafunguliwa Melbourne, Mei 9.

Je, Bunge hilo changa lilishughulikia nini? Kabla ya mwaka kwisha lilipitisha sheria ya kuwazuia wasio Wazungu kuingia nchini. Neno rangi halimo, kwani London haikutaka kuwaudhi Wajapani, wala Wahindi iliowatawala. Badala yake mgeni alisomewa maneno 50 ayaandike, kwa lugha ya Ulaya atakayoichagua afisa. Ukijua Kiingereza, waweza kupewa Kijerumani! Ujanja huo ulitoka Natal, bara letu hili, ulikoanza mwaka 1897.

Mimi shuleni imla ilinitoa jasho, lakini mwalimu alitaka nifaulu. Afisa yule alitaka mtu ashindwe.

Wavisiwa wa Pasifiki waliokata miwa Queensland nao walitungiwa sheria yao mwaka huohuo. Maelfu walipakiwa melini kurudishwa visiwani, wengine wakiwa wameshazaa na kuzika hapo Queensland.

Imla ile ilifutwa mwaka 1958.