Kikomo na Mwisho: Kusoma Upya Takwimu za Barafu ya Ruwenzori

Mwaka 1906 msafara wa Mwanamfalme wa Abruzzi, kutoka Italia, ulipanda vilele vya Ruwenzori na kuvichorea ramani. Inakadiriwa kwamba wakati huo barafu ya mlima ilienea kilomita za mraba 6.5 hivi. Picha za satelaiti zilionyesha takribani 2.0 mwaka 1987 na 0.96 mwaka 2003. Watafiti waliochapisha vipimo hivyo mwaka 2006 walitabiri kwamba barafu ingeweza kutoweka ndani ya miongo miwili. Kwa wakazi wa mji wa Kasese, na wa Bwera iliyo karibu na mto Lhubiriha mpakani mwa Kongo, utabiri huo uligusa mlima ambao ndio chimbuko la mito yao.

Katika programu ya kompyuta, eneo la barafu ni kigeu kinachotegemea wakati. Mstari mnyoofu ukipitishwa kwenye vipimo vya 1987 na 2003, hufika sifuri mwaka 2018 hivi, na mwaka 2020 hutoa takribani hasi 0.15. Kwa kuwa hakuna barafu iliyo pungufu ya sifuri, mwandishi wa programu huweka kikomo cha chini: kila jawabu hasi lisomwe sifuri.

Amri hiyo huondoa dalili bila kugusa ugonjwa. Alama ya hasi ilikuwa ushahidi kwamba mlinganyo umevuka mipaka ya matumizi yake. Baada ya 2020 barafu ilikuwa ingali kwenye Mlima Stanley. Sifuri safi ingemficha msomaji kosa ambalo hasi ingelifichua. Hatari huzidi kikomo kinapowekwa katikati ya hesabu. Programu ikishahesabu maji ya barafu iliyozidi ile iliyokuwapo, kisha ikairudisha barafu kwenye sifuri, mto huwa umepewa maji yasiyotoka popote.

Njia nyingine ni kuutia mpaka ndani ya mlinganyo wenyewe, kwa kufanya kasi ya upungufu ilingane na barafu iliyobaki. Kwa vipimo vilevile viwili, mwaka 2020 hupata 0.44, wala jawabu haliwi hasi kamwe. Hata hivyo, mlinganyo huu nao haufiki sifuri, ilhali barafu halisi huweza kwisha. Kila njia ina dai lake kuhusu mlima, na dai hilo lapasa kutamkwa.

Hapa Kiswahili kinatoa tofauti yenye manufaa. Kikomo huwekwa na mtu, mwisho hutokea. Ripoti inayosema "sifuri" bila kubainisha ni ipi kati ya hizo mbili humpa mshauri wa sera uamuzi wa mwandishi wa programu kana kwamba ni tukio la mlimani.

Zaidi ya hayo, mwisho wa barafu si mwisho wa mto. Uchunguzi wa mto Mubuku ulionyesha kwamba maji ya barafu hayafiki asilimia 2 ya mtiririko wake. Mto huo hulishwa hasa na mvua. Mafuriko ya Nyamwamba ya Mei 2013 na Mei 2020, yaliyoharibu Kilembe na Kasese, yalitokana na mvua kubwa. Mpango wa maji unaosubiri sifuri ya barafu unatazama kigeu kisichofaa.

Basi kila makadirio yanayowasilishwa kwa wapangaji yaeleze mambo matatu: kikomo kipi kimewekwa, kimewekwa hatua gani ya hesabu, na hesabu imekigonga mara ngapi.