Kaskazini Haiko Mbali, Iliwekwa Mbali

Mara ya kwanza nimefika Marsabit, mama wa hoteli aliniuliza, "Umetoka Kenya lini, kijana wangu?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Wasee, hilo swali lina historia. Mwaka wa 1902 Waingereza walitunga sheria ya kufunga wilaya za pembezoni. Kufikia 1926, Northern Frontier District yote ilikuwa imefungwa: huingii, hutoki, bila kibali. Na mkoloni alipotaka kumficha Jomo Kenyatta, alimpeleka huko huko kaskazini, Lokitaung kisha Lodwar.

Uhuru ukaja 1963. Miaka miwili baadaye, Sessional Paper Nambari 10 ikasema pesa za maendeleo ziende kwanza pale zitakapozalisha zaidi. Yaani kwenye mvua, mashamba na reli. Wafugaji wangoje. Wakangoja kweli: lami ya Isiolo hadi Moyale ilikamilika zaidi ya miaka 50 baada ya uhuru.

Siku hiyo nilikuwa nimepost picha nikaandika "mwisho wa dunia." Nimeifuta. Pale ni nyumbani kwa watu, na huo umbali ulipangwa ofisini, Nairobi.