Beji za Kola: Kosa Langu la Mwaka 1996

Mhariri ameniomba niandike juu ya historia. Nimechagua jambo dogo linaloweza kukaa katika kiganja cha mkono, nalo ni beji za kola za majeshi ya zamani ya Uingereza. Nimelichagua kwa sababu nina deni nalo.

Mwaka 1996 nilikuwa Kidato cha Tatu na katibu wa Chama cha Historia. Tulipotayarisha maonyesho, kila mwanachama alitakiwa kuleta kitu cha kale kutoka nyumbani. Mwenzangu wa dawati moja alileta beji mbili ndogo za shaba ya njano zilizofungwa katika kitambaa. Alisema babu yake alikuwa dereva wa malori ya jeshi wakati wa vita ya Hitler, akaendesha mpaka Addis Ababa, na kwamba Sajini mmoja Mwingereza alimpa beji hizo walipoagana. Mimi niliyekuwa nashika kalamu sikumsikiliza vizuri. Tulikuwa tumetoka kusoma vita vya Tanga, na kichwa changu kilikuwa kimejaa vita hivyo. Nikaandika kwa wino mweusi: "Beji za Askari wa Kiingereza, Tanga, 1914."

Siku ya maonyesho wageni walipiga hesabu. Kama babu huyo alikuwa askari mwaka 1914, basi mwaka ule alikuwa amekaribia miaka mia moja, na wengi walikuwa wanamfahamu kuwa mzee ambaye bado analima shamba lake. Kicheko kikaanza. Tangu siku ile mwenzangu akaitwa "Kumi na Nne", na babu yake akaitwa mwongo. Alinijia mara mbili kuniomba nibadilishe maandishi. Nilimjibu kwamba kadi imekwisha kugandishwa.

Sasa niwaeleze namna beji kama hizi zinavyosomwa, maana elimu hiyo niliipata baadaye, nikiwa mtumishi wa Serikali. Katika kazi yangu mtu hujifunza upesi kwamba barua isiyo na tarehe haikosi umri. Barua yenye kichwa cha maneno "Jamhuri ya Muungano wa Tanzania" haiwezi kuwa imeandikwa kabla ya mwaka 1964, hata mwenye nayo akiapa. Beji nayo ni hivyo hivyo: haina tarehe, lakini ina kichwa chake.

Jambo la kwanza ni kujua ni beji gani. Askari wa Kiingereza alivaa beji kubwa kwenye kofia, na ndogo mbili kwenye kola ya koti, moja kila upande. Beji za kola zilienea katika rejimenti za askari wa miguu miaka ya 1870. Ikiwa zina picha ya mnyama, kwa kawaida hutengenezwa jozi inayotazamana, mmoja akielekea kulia na mwingine kushoto. Kwa hiyo anayeokota chui mmoja ajue kwamba yuko ndugu yake aliyepotea.

La pili ni jina. Zamani rejimenti za miguu zilijulikana zaidi kwa namba. Tarehe 1 Julai 1881 namba hizo ziliondolewa na rejimenti zikapewa majina, mengi yakiwa ya majimbo. Tangu hapo kila badiliko la jina ni alama ya tarehe. Mfano ulio karibu nasi ni wa askari waliopigana Tanga kweli Novemba 1914. Miongoni mwao kulikuwa na kikosi cha pili cha Loyal North Lancashire Regiment. Mwaka 1921 jina hilo liligeuzwa kuwa The Loyal Regiment. Beji yenye utepe wa jina la kwanza, basi, muundo wake ni wa kabla ya 1921.

La tatu ni taji. Beji nyingi, ingawa si zote, zina taji juu yake. Wakati wa Malkia Victoria matao ya taji yalibonyea katikati. Kuanzia 1901, walipotawala wafalme, likaja taji ambalo matao yake yamepanda juu kama kuba. Hilo lilidumu mpaka 1952 alipofariki Mfalme George VI. Baada yake Malkia Elizabeth II alichagua taji lenye matao yaliyobonyea tena. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa kudhani beji ya 1960 ni ya wakati wa Victoria. Tena tangu 2022 Mfalme Charles III amerudisha taji linalofanana na lile la kuba. Kwa hiyo taji peke yake ni shahidi mmoja tu, na shahidi mmoja hatoshi.

La nne ni madini na mgongo wa beji. Askari wa kawaida walivaa shaba ya njano, au madini meupe, au vyote viwili pamoja. Maofisa walikuwa na beji zilizopakwa dhahabu au fedha kwa mavazi ya sherehe, na nyeusi-nyeusi za shaba iliyotiwa rangi kwa mavazi ya kazi yaliyoanza 1902. Ikiwa ni nyepesi na inang'aa bila kusuguliwa, hiyo ni alumini iliyotiwa rangi, nayo ilianza kuenea miaka ya 1950. Nyuma tazama vijipete viwili vya kupitishia pini. Tazama pia kama sura imelika kwa kusuguliwa miaka mingi, kwa sababu beji za kuiga zinatengenezwa na kuuzwa kwa wakusanyaji mpaka leo.

Katika mkutano wetu wa mwaka jana niliingia chumba cha Historia. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili alikuwa akiwaeleza wageni vitu vya kabatini. Alipofika kwenye kadi yangu akaisoma kwa sauti, neno kwa neno: Tanga, 1914. Niliomba ufunguo.

Zilikuwa nyota zenye ncha nane, na taji la kuba juu. Kwenye utepe wa chini yalisomeka maneno Royal Army Service Corps. Nilisimama pale nikaona haya. Idara hiyo ya uchukuzi na ugavi iliitwa Army Service Corps katika vita vyote vya kwanza. Neno "Royal" iliongezewa mwishoni mwa 1918. Askari wa Tanga mwaka 1914 hakuweza kulivaa. Na taji lile linatuambia kwamba muundo wa beji ni wa kabla ya 1953. Kati ya miaka hiyo ndipo malori ya jeshi yalipotoka Mogadishu, iliyotekwa Februari 1941, yakasafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Addis Ababa, iliyoingiwa Aprili 1941. Madereva wetu walikuwa katika East African Army Service Corps, wakifanya kazi ile ile ya Waingereza wa beji hizo.

Sitaki nifanye kosa la pili. Beji haithibitishi kwamba mzee yule alifika Addis Ababa. Inathibitisha kwamba maneno yake yanawezekana, na kwamba maneno yangu hayawezekani. Miaka karibu thelathini kabati la shule lilibeba uongo, na uongo huo haukuwa wa mzee. Yeye alisema Hitler. 1914 niliiandika mimi.

Nimewaomba wakuu wa shule waitoe kadi ile, nao wamekubali. Wadogo zetu, kabla ya kuandika juu ya kitu cha mtu, mwulizeni mwenye kitu, kisha kigeuzeni mkitazame mgongo.

Na wewe ndugu yangu wa dawati moja, ambaye hujafika hata mkutano wetu mmoja: nimesikia kwamba babu amekwisha kutangulia. Naomba radhi kwako na kwake. Kadi mpya haijaandikwa. Beji ni zako. Ukitaka kuzichukua, zichukue. Ukitaka zibaki, njoo uandike wewe.